Upande Unaozungukia Upepo Si Ushahidi Dhidi ya Jirani



Mwishoni mwa kiangazi kilichopita, muda mfupi baada ya swala ya Adhuhuri, kisulisuli kiliinuka katika uwanja wa mpira ulio nyuma ya msikiti wetu hapa Shinyanga. Wengine hukiita chamchela. Kilizoa vumbi, majani makavu na mifuko, kikaingia ua wa madrasa, kikang'oa mabati mawili ya kibaraza, na bati moja likamkata bega mwanafunzi wa miaka 9. Kisha kikavuka njia, kikaelekea kwa bibi mmoja mjane, na kilipofika kwenye ua wake wa minyaa, kikafa.

Mtoto alishonwa na akalala kwao usiku ule ule, Alhamdulillah. Lakini kabla ya Magharibi neno lilikuwa limekwishaenea mtaani: kisulisuli kile kilitumwa, na kazi ilipokwisha kilirudi kwa mwenyewe.

Tunayaandika haya kwa idhini ya Bibi, ambaye ameomba jina lake lisitajwe. Tunayaandika pia kwa sababu sisi wa kamati ya msikiti, tuliotarajiwa kulizima neno lile siku ya kwanza, tulinyamaza kwa siku kadhaa. Kunyamaza kwetu kulikuwa na sababu, na sababu hiyo ndiyo maudhui ya makala haya.

Watu walileta hoja 3. Ya kwanza, kisulisuli kiliishia kwake. Ya pili, macho yake ni mekundu. Hizi mbili tulizijua udhaifu wake, maana mwanamke aliyepika kwa kuni miaka 50 ndani ya jiko lisilo na dirisha atakuwa na macho ya rangi gani? Hoja ya tatu ndiyo iliyotuziba midomo, kwa kuwa ilivaa kanzu ya elimu. Kijana mmoja aliyemaliza sekondari alisema kwamba Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinausogelea mwambao wetu, alijifunza kuwa pepo za nusu ya kusini ya dunia huzunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Sisi tupo kusini mwa Ikweta. Kisulisuli cha madrasa, kama walivyokiona wote waliokuwepo, kilizunguka kinyume cha mwendo wa saa. Basi, akasema, huo haukuwa upepo wa kawaida.

Hakuna aliyekuwa na jibu. Na katika mkoa wetu neno kama hilo halisemwi bila hatari. Msomaji wa Shinyanga au Geita hahitaji kukumbushwa kwamba mikoa hii imetajwa kwa miaka mingi katika habari za mauaji ya vikongwe, na kwamba mengi kati ya mauaji hayo yalianza na maneno ya barazani, si na panga. Bibi naye analijua hilo. Aliacha kuja kwenye darsa ya akina mama. Jioni akawa anafunga mlango mapema, na taa haiwaki.

Kwa nini pepo kubwa hupinda

Tulianza na kijana wetu, kwa kuwa alichojifunza kilikuwa kweli. Kosa lake lilikuwa mahali alipokipeleka.

Wazazi mnaweza kuliona jambo hili jikoni pamoja na watoto. Chukueni sinia, mlipake unga mwembamba, mliweke juu ya bakuli lililofunikwa ili lizunguke kwa wepesi. Mtoto mmoja alizungushe polepole kwa kufuata mwendo wa saa. Wa pili aanzie katikati na kuvuta kidole chake moja kwa moja kuelekea mlangoni, bila kujali sinia linavyozunguka. Kidole kimekwenda sawa, lakini mstari ulio kwenye unga umepinda kushoto. Lizungusheni sinia kinyume, na mstari utapinda kulia.

Dunia nayo hujizungusha, kutoka magharibi kuelekea mashariki. Anayeitazama kutoka juu ya ncha ya kaskazini angeiona ikizunguka kinyume cha mwendo wa saa. Anayeitazama kutoka juu ya ncha ya kusini angeiona ikifuata mwendo wa saa. Dunia ni ile ile moja, na mzunguko ni ule ule mmoja. Kinachobadilika ni mahali pa kuutazamia. Kwa hiyo upepo unaosafiri masafa marefu juu ya dunia hii hupinda kulia kwake ukiwa kaskazini, na kushoto kwake ukiwa kusini. Mpindo huo umepewa jina la Mfaransa Gaspard-Gustave Coriolis, aliyeziandikia hesabu zake mwaka 1835.

Sasa fikirini watu wanaokikimbilia kisima kimoja kutoka pande zote, na kila mmoja anasukumwa kidogo kuelekea kushoto kwake. Hakuna atakayekifikia moja kwa moja. Kila mmoja atakipita kisima kikiwa mkono wake wa kulia, na wote kwa pamoja watakizunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Ndivyo ilivyo hewa inapokimbilia eneo lenye mgandamizo mdogo katika bahari ya kusini. Hivyo ndivyo kilivyozunguka Hidaya kilipofika Mafia tarehe 4 Mei 2024, kikaleta mafuriko Kilwa na kukata barabara ya Dar es Salaam na Lindi. Hivyo ndivyo kilivyozunguka Idai kilichoipiga Beira Machi 2019. Na ndivyo kilivyozunguka kile cha Aprili 1872, zama za Sultani Barghash, kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuzivunja merikebu bandarini.

Wenye ndugu Maskati wameona upande wa pili. Gonu ya Juni 2007 na Shaheen ya Oktoba 2021, zilizoipiga Omani, zilizunguka kinyume cha mwendo wa saa, kwa sababu Omani ipo kaskazini. Mabaharia waliujua mpindo huu kwa tanga kabla haujaandikiwa hesabu. Upepo wa Kusi hutoka kusini-mashariki ukiwa upande wetu wa Ikweta; ukishavuka kwenda kaskazini hupinda kulia, ukawa unatoka kusini-magharibi, na kwa upepo huo majahazi ya Zanzibar yalifika Omani na Bara Hindi. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar, aliziandika nyakati za pepo hizi katika karne ya 15.

Kisulisuli hakimo katika hesabu hiyo

Kama hayo ni kweli, kwa nini kisulisuli cha madrasa kilizunguka kinyume?

Jibu la kwanza ni mahali tulipo. Mpindo huu ni mkubwa kwenye ncha za dunia, hupungua kadiri unavyoikaribia Ikweta, na juu ya Ikweta yenyewe haupo kabisa. Shinyanga ipo karibu nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na Geita karibu nyuzi 3. Mpindo wa Beira ni zaidi ya mara 5 ya mpindo wa Shinyanga. Ndiyo maana vimbunga vya bahari ni nadra sana kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 za Ikweta: hewa hukimbilia katikati, lakini haipindi kiasi cha kutosha kuanza kuzunguka.

Jibu la pili ndilo kubwa zaidi, nalo ni kipimo. Kimbunga cha bahari kina upana wa mamia ya kilomita na huishi siku nyingi. Hewa yake husafiri muda mrefu, na dunia hupata nafasi ya kugeuka chini yake. Kisulisuli kina upana wa hatua chache na huishi dakika chache. Katika dakika hizo dunia haijageuka kiasi cha kumfaa mtu yeyote. Nguvu inayokizungusha ni kubwa kuliko mpindo ule kwa zaidi ya mara laki moja.

Kisulisuli huzaliwa ardhini. Jua la Septemba huchoma ardhi tupu, hewa iliyo juu yake hupata moto na kupaa, na hewa ya pembeni hukimbilia kujaza nafasi. Ikiwa hewa hiyo ya pembeni ilikuwa imegonga ukuta, mti au kona ya nyumba, tayari ina mgeuko mdogo, wa kulia au wa kushoto. Ikivutwa katikati, mgeuko huo huongezeka kasi, kama jiwe lililofungwa kwenye uzi linavyozidi kuzunguka upesi uzi unapojiviringisha kwenye kidole. Upande utakaozungukia unaamuliwa na kona ile, hauamuliwi na Ikweta. Watafiti waliovihesabu visulisuli majangwani wameviona vya pande zote mbili, karibu sawa kwa sawa.

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Kampala kwa njia ya Masaka watauliza habari za Kayabwe, pale Ikweta inapokatwa na barabara, ambapo wageni huonyeshwa maji yakizunguka kulia katika beseni moja na kushoto katika jingine, umbali wa hatua chache. Ni mchezo wa mkono wa anayemimina. Mwaka 1962 mwalimu mmoja wa Marekani, Ascher Shapiro, alitaka kuuona mpindo wa dunia katika maji ya chombo. Ilimbidi atumie tangi lenye upana unaokaribia mita 2 na kuyaacha maji yatulie kwa saa 24 kabla ya kufungua kizibo. Beseni la kando ya barabara halina subira hiyo, na kisulisuli pia hakina.

Hata hivyo, aliyetusaidia kwanza hakuwa kitabu. Mjukuu wa Bibi ni mchimbaji mdogo huko Nyarugusu, mkoani Geita. Alipopigiwa simu aliacha duara, akaja kumchukua bibi yake. Alitukuta ofisini kwa imamu akiwa na vumbi la safari, hakukaa.

"Wazee wangu," alisema, "kule kwenye marudio hakuna mchana usio na kisulisuli. Kimoja kinazunguka huku, kingine kinazunguka kule. Nimeshaviona viwili kwa wakati mmoja, kila kimoja na upande wake. Kama kila kimoja kina mtu aliyekituma, basi Nyarugusu nzima ni wachawi, na mimi nimo."

Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu. Ni ardhi tupu, nyeupe, isiyo na jani, ambayo ifikapo saa 7 mchana haikanyagiki bila viatu. Kama kuna mahali ambapo visulisuli vinapaswa kuzaliwa, ni pale. Baada ya maneno yake, mwalimu wa madrasa aliwapa watoto daftari wakavitazame visulisuli vya uwanjani na kuandika vilivyozungukia. Hata mwezi haukuisha. Daftari lilikuwa na vya pande zote mbili.

Na kwa nini kilifia kwa Bibi? Tulikwenda kutazama. Kutoka uwanjani hadi madrasa ni ardhi tupu. Kwa Bibi kuna miembe 2, kivuli, na ua mnene wa minyaa. Kisulisuli hula hewa ya moto. Kikikanyaga ardhi yenye kivuli na kugonga ua, hukosa chakula. Kilifia pale kwa sababu Bibi alipanda miti, jambo ambalo sisi kwenye kiwanja cha msikiti hatujalifanya.

Yaliyo katika kumbukumbu za vikao

Kamati ilipokaa, mwenzetu mmoja alirudia kwamba bado mzunguko wa kushoto unamtia shaka. Alhaji mmoja, mkubwa wetu kwa umri, alimuuliza: "Uliponiona nikiondoka kwenda Hija, ulidhani ninakwenda kuizunguka Al-Kaaba kwa upande gani?" Tawafu hufanywa Al-Kaaba ikiwa mkono wa kushoto, yaani kinyume cha mwendo wa saa. Alhaji hakudai kwamba upepo unatufu. Alitaka tuone kwamba upande peke yake hausemi lolote juu ya wema wala ubaya.

Hatukanushi kuwepo kwa sihri, Qur'an imeitaja, nasi tunajikinga kwa Allah (S.W.) dhidi yake. Lakini kuamini kuwa sihri ipo ni jambo moja, na kumnyooshea kidole jirani bila ushahidi ni jambo jingine kabisa. Surat Al-Hujurat imetuonya juu ya dhana, na imetuamuru kuihakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kisha tukajuta. Pia tunao mfano wa Mtume wetu (s.a.w.). Siku alipofariki mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa sababu ya msiba ule. Maneno yale yalikuwa ya kumtukuza, lakini hakuyaacha yapite. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni katika ishara za Allah, na havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Ikiwa kauli isiyo sahihi ilikataliwa hata ilipokuwa ya kumliwaza yeye, vipi sisi tuikubali inapokuwa ya kumwangamiza mjane?

Kiswahili chenyewe kimeyaweka maneno haya jirani: upepo, na pepo. Huenda ndiyo maana tunateleza upesi kutoka kwenye moja hadi jingine.

Liko jambo la mwisho, na ni zito kwetu kuliandika. Katibu alipofungua daftari la kumbukumbu ili aandike kikao kile, alikuta katika kurasa za nyuma, kwa mwandiko wake mwenyewe, ajenda ya mabati ya kibaraza cha madrasa: misumari imeshika kutu, inahitaji kubadilishwa. Ajenda hiyo iliahirishwa. Kikao kilichofuata iliahirishwa tena. Kisulisuli hakikuhitaji kutumwa na mtu. Kilikuta bati lililolegea. Mtaa mzima ulimtafuta aliyesababisha jeraha la mtoto, na jibu lilikuwa limeandikwa kabatini kwetu. Ilikuwa rahisi zaidi kumpata bibi kizee kuliko kununua misumari.

Elimu hii itumike panapostahili

Msomaji asidhani basi kwamba mzunguko wa pepo kubwa hautuhusu sisi wa bara. Kwa kuwa kimbunga cha kusini hufuata mwendo wa saa, upande wake wa kaskazini huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kikiwa mashariki ya Madagaska, kinaweza kuivuta hewa yenye unyevunyevu kutoka misitu ya Kongo ikapita juu yetu. Wataalamu walivihusisha vimbunga Dumazile na Eliakim vya Machi 2018 na mvua nyingi za Afrika Mashariki za msimu ule. Mwaka uliofuata Idai kilikuwa katika Mlango wa Msumbiji, na mvua za masika zikachelewa. Kwa hiyo mkulima wa Shinyanga anapoisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitaja kimbunga kilicho mbali baharini, asizime redio. Huenda zinazotajwa ni mvua za shamba lake.

Wala hatari zetu si za vimbunga vya bahari peke yake. Machi 2015, mvua ya mawe na upepo mkali viliua watu zaidi ya 40 katika kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama. Wingu moja la radi lilitosha kuziangusha nyumba za udongo juu ya waliolala. Dhidi ya wingu kama hilo kinga yetu, baada ya dua, ni ukuta imara, paa lililofungwa vizuri, na taarifa iliyosikilizwa mapema. Na kisulisuli kikionekana, watoto waingie ndani na kufumba macho. Wasikikimbilie kwa mchezo. Tusiutukane upepo, kwani tumekatazwa. Tumuombe Allah kheri yake na atuepushe na shari yake.

Ijumaa iliyofuata imamu aliyasema haya mimbarini, na kijana wa sekondari alisimama baada ya swala akasema mwenyewe kwamba alikosea. Kisha tukaenda kwa Bibi, kamati nzima, kumuomba radhi. Alitukaribisha chini ya mwembe. Alitusikiliza hadi mwisho, akasema amesamehe. Kisha akamuuliza katibu: "Baba, na kikija tena, mtakuja siku ya kwanza?"

Hatukuwa na neno zaidi ya ndiyo. Mjukuu amerudi Nyarugusu bila kumchukua. Misumari mipya imepigwa, na miche ya miti imepandwa kuzunguka uwanja. Bibi amerudi kwenye darsa, ingawa wapo majirani 2 ambao bado hawaitikii salamu yake, nasi hatujachoka kuwaendea.

Wabillahi tawfiq.